Kidude cha elfu thelathini cha kusomea gari: kwenye Probox nakipa tisa, kwenye trekta sifuri

Kidude nachokiongelea ni kile cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja, cha bluu au cheusi, unachomeka kwenye soketi iliyo chini ya stelingi afu kinaongea na simu kwa Bluetooth kukuonyesha makosa ya gari. Boksi limeandikwa ELM327. Nimekinunua hapa hapa Moshi mjini kwenye duka la redio za magari upande wa stendi, mangi alianza na elfu arobaini na tano tukaishia thelathini, na nimekaa nacho muda wa kutosha kujua kinapofaa na kinapokufa, sio kama wale wanafungua boksi leo jioni wanakupa nyota tano.

Mimi sio fundi, nauza ndizi. Nina Probox inashusha mikungu kutoka Mwika kuja Mbuyuni, na gari likilala mimi nimelala njaa. Sasa lilianza kutetemeka likiwa limesimama linaunguruma, mlima linakosa nguvu, taa ya injini inawaka inapepesa. Nilizungushwa jamani. Fundi wa kwanza akasema plagi, nikanunua plagi zote nne. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Wa tatu aliinamia boneti akasikiliza akatikisa kichwa akaniambia "dada hii injini imechoka, agiza nyingine Dar". Injini! Na mwanamke ukisimama gereji peke yako unaona kabisa bei inapanda unapoangaliwa.

Nilipochomeka kidude nikafungua programu ya bure kwenye simu ikaandika namba ya kosa, P0303. Hiyo P ni upande wa injini na giaboksi, sifuri inayofuata maana yake ni namba ya wote sio ya siri ya kiwanda, na mwisho inakwambia silinda ya tatu haichomi vizuri. Nikampelekea kijana mmoja ana gereji Pasua, akatoa koili (kile kinachoipa plagi umeme) ya silinda ya tatu akaibadilisha na ya silinda ya kwanza, tukafuta namba, tukawasha, likatetemeka tena na sasa simu ikaandika P0301. Yaani ugonjwa umehama na koili. Nikanunua koili ya mtumba ya Japani, gari likatulia, habari ya injini ya Dar ikaishia hapo.

Na sisemi wale mafundi watatu ni wezi wote. Mtu ambaye hana kifaa cha kumwambia gari linalalamika nini atafanya nini zaidi ya kubahatisha, na kubahatisha kwake unalipia wewe.

Matumizi mengine niliyoyapenda. Vitz ya mdogo wangu haina mshale wa joto, ina kitaa cha bluu na chekundu tu, na hicho chekundu kikiwaka ushachelewa, ila kwa kidude unaliona joto la maji namba kwa namba ukipanda Kibosho. Afu hili la kununua gari kwa mtu ndio fungueni macho: dalali anafuta namba za makosa asubuhi, wewe unakuja mchana unakuta dashibodi safi. Lakini gari likifutwa linaanza kujipima upya, na mpaka liendeshwe vya kutosha zile pima zake zinasoma hazijakamilika, na magari mengi yanaonyesha pia kilomita zilizotembea tangu namba zilipofutwa. Ukikuta kilomita nne na mwenye gari anaapa halijawahi kuguswa, rudisha hela yako mfukoni. Angalia pia taa ya injini inawaka ukifungua swichi kabla ya kuwasha, maana wapo wanaochomoa kabisa taa.

Kasoro zake sasa. Hivi vya bei rahisi vyote ni kopi. Kampuni iliyobuni ile chipu, Elm Electronics ya Canada, toleo lake la kwanza halikufungwa, Wachina wakalinakili dunia nzima ikajaa, na ukiona kimeandikwa toleo 1.5 jua hilo toleo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa. Vinafanya kazi ila vingine vinakatika katikati, vingine vinasoma magari haya vinakataa yale. Wenye iPhone msinunue cha Bluetooth ya kawaida, hakitashika, tafuteni cha WiFi au kile cha Bluetooth ya kisasa. Usikiache kimechomekwa usiku kucha kinanyonya betri. Na IST ya jirani yangu, ya zamani kidogo, ilikigomea kabisa mpaka kijana wa Pasua akaingiza maneno fulani ya kuanzia kwenye programu, kwa sababu magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ile ile lakini yanaongea lahaja yao.

Mpaka hapo ni tisa kwa kumi. Sasa ngoja niwaambie ambacho boksi halisemi.

Ile soketi haiko chini ya stelingi kwa sababu kiwanda kina huruma. Hakuna mzungu wala Mjapani aliyeamka asubuhi akasema tumsaidie muuza ndizi wa Mwika. Iko pale kwa sababu Marekani walichoka na moshi, California ndio walianza, wakalazimisha kwamba kuanzia magari ya 1996 kila gari linalouzwa kwao liwe na soketi ya aina moja yenye pini 16, sehemu moja, na namba za makosa ya moshi zinazofanana, ili mtu yeyote mwenye skana asome. Ulaya wakafuata, ya petroli 2001. Kiwanda hakiwezi kutengeneza gari na soketi tofauti kwa kila nchi kikapata faida, kwa hiyo na sisi tukaokota. Uzuri wote wa kidude changu ni makombo ya sheria ya watu wengine, na ndio maana ukifika mahali ambapo ile sheria haikufika kidude kinakuwa plastiki tupu.

Mfano. Namba ikianza na P1 badala ya P0 hiyo ni ya kiwanda chenyewe, programu ya bure inaweza kukuonyesha namba bila kukwambia maana. Taa ya breki ya ABS, eabegi, mara nyingi hakizioni kabisa. Ufunguo wenye chipu umepotea? Hakina msaada. Na kubwa kuliko yote ni hizi dizeli za kisasa, zile Prado na Hilux za injini ya 1KD: kila nozeli ina namba ndefu imechapwa kichwani, ukibadilisha nozeli lazima hiyo namba iandikwe kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, ili injini ijue hii nozeli inamwaga kiasi gani, usipoandika injini inagonga na kutoa moshi halafu mteja anamlaumu fundi kwamba kafunga vibaya. Fundi kafunga sawa, hana tu mashine ya kuongea na boksi. Mashine yenyewe ya kiwanda sio ya elfu thelathini.

Sasa njoo kwenye trekta, ndio lililonifanya niandike.

Kihamba, shamba letu la nyumbani la migomba, kiko juu huko mlimani lakini mahindi na mpunga tunalima tambarare, Kahe, na miaka yote tulikuwa tunakodi. Tukachanga ukoo mzima, kaka zangu, mjomba, binamu zetu wawili, tukanunua trekta lililotumika lakini la kisasa, la rangi nzuri, lina kiyoyozi, skrini, viti vya kubembea. Jina la kampuni sitaji. Likapiga kazi vizuri, kwa kweli lina nguvu na mafuta halili sana. Halafu msimu ule wa kukatua kabla ya masika likaanza kupiga kengele, skrini ikaandika kosa, likawa linanyata tu, ukikanyaga mafuta halipandi. Unasikia injini ni nzima kabisa lakini limejizuia lenyewe.

Kaka akanipigia "njoo na kile kidude chako". Nikashuka Kahe nacho kwenye pochi nikiwa na moyo. Tukatafuta soketi hakuna. Kumbe ipo, ya duara, ya pini tisa, kofia yake imejaa tope. Matrekta na malori makubwa yana lugha yao nyingine inaitwa J1939, hata namba za makosa sio za P, zinakuja mbili mbili, moja inakwambia kifaa gani (100 kwa mfano ni presha ya oili, 110 ni joto la maji) nyingine inakwambia kimekosa nini. Kidude changu hata kuchomeka hakichomekeki. Ndio hiyo sifuri niliyoiandika juu.

Kijana wa Pasua hakukubali kushindwa. Akaja na waya wa kuungia alioazima kwa fundi wa malori, akapata zile namba mbili, akazitafuta mtandaoni, ikaonekana ni sensa moja ya upande wa klachi. Akaifungua, imekufa kweli, mguu wake umeliwa na kutu. Tukaagiza spea, ikaja, akaifunga kwa spana ya kawaida kabisa bila hata jasho. Tukawasha. Kengele. Kosa lile lile. Linanyata vile vile.

Maana trekta linajua kwamba limefungwa kitu kigeni, na linasubiri kuambiwa na laptopu ya wakala kwamba hiki kitu ni halali, kipokee. Laptopu hiyo ina programu ambayo haiuzwi kwa fundi wa Pasua, na sisi wenye trekta tulipouliza bei tuliambiwa sio ya wateja. Ikabidi tumsubiri mtu wa wakala, na yuko mmoja anazunguka mikoa sijui mingapi, tulipe nauli yake, malazi, na saa zake. Alipokuja alikaa kwenye kiti chenye kiyoyozi akabonyeza bonyeza, kahawa niliyompelekea haijapoa, trekta likapona. Hakushika spana. Kijana wetu alikuwa amesimama pembeni na mikono yake ina grisi anaangalia.

Mvua ilikuwa ishatukuta. Heka nyingine tulimlipa jirani atukatulie na Massey yake ile ya 375 yenye injini ya Perkins, trekta halina kiyoyozi, halina skrini, halina hata taa moja ya mbele, ila likigoma yeye analaza turubai chini ya mwarobaini anafungua nozeli mwenyewe mchana ule ule. Mjomba hakusema kitu siku hiyo, alikuwa anaiangalia tu ile Massey inavyopita.

Nilidhani hili ni letu sisi wa nchi maskini, kumbe wakulima wa Marekani wenyewe wanalia kilio hicho hicho na wao wanaishi kwenye nchi matrekta yanakotengenezwa. John Deere mwaka 2015 iliwaandikia serikali ya huko kwamba mtu akinunua trekta, zile programu zilizomo ndani hazijawa zake, amepewa tu leseni ya kuliendesha. Soma tena hiyo. Mwaka 2017 ikaripotiwa wakulima wa kule wananunua programu zilizovunjwa kutoka Ukraine ili waweze kufungua matrekta yao wenyewe, yaani mtu ana heka elfu na bado anaingia vichochoroni mtandaoni. Januari 2023 kampuni ikasaini makubaliano na shirikisho kubwa la wakulima la huko, wengi wakasema ni ahadi tu haina meno. Jimbo la Colorado likapitisha sheria kabisa mwaka huo huo, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2024, kwamba mwenye mashine ya shamba apewe programu, vifaa na vitabu vya kuitengenezea. Na Januari 2025 tume ya biashara ya serikali yao ikiwa na majimbo ya Illinois na Minnesota ikaishtaki Deere kwamba inahodhi matengenezo, kampuni ikakataa tuhuma. Baadaye mwaka huo ikatoa programu ya mteja kujitengenezea mwenyewe, dola 195 kwa trekta moja kwa mwaka. Ni kama laki tano kwa hela yetu. Ghali, lakini nawaambia ukweli, sisi wa Kahe tungechanga tukalipa siku hiyo hiyo, maana mtu wa laptopu na nauli yake alituzidishia hapo na mahindi tulichelewa.

Kwenye magari walishamaliza mapema kidogo, jimbo la Massachusetts lilipiga kura 2012 viwanda vilazimishwe kuwapa wenye magari na mafundi wa nje taarifa za matengenezo, na 2014 viwanda vikakubali kufuata nchi nzima. Matrekta yakaachwa nje. Ukijumlisha na ile sheria ya moshi, ndio maana Probox inaongea na mimi na trekta halitaki, sio kwamba trekta ni gumu kuliko gari.

Kampuni zinajitetea kwamba wakifungua kila kitu watu watachezea moshi na nguvu za injini na kuua watu. Sikatai hoja yote. Nimeshaona mwenyewe hapa mjini mtu anaziba mfumo wa moshi ili apate nguvu, halafu anapita na wingu jeusi mbele ya shule. Lakini kuambia trekta "pokea sensa mpya ya klachi" kunachafua hewa gani? Watenganishe hivyo vitu viwili. Kuna ile ya 2022 pia, vita vya Ukraine, mashine za Deere ziliibwa Melitopol na askari wa Urusi zikasafirishwa mbali zikakutwa zimefungwa kwa mbali haziwaki. Watu walishangilia, na mimi nilicheka, halafu nikawaza kwamba hicho kitufe kipo na mshikaji wake sio mwenye shamba.

Ukitaka kujua wafanyabiashara wenye akili wamelitatua vipi hili nenda Arusha kwa wenye kampuni za watalii. Hela wanazo, wangeweza kununua chochote, lakini wengi bado wanang'ang'ania Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2, dizeli ya tangu 1990, pampu yake ya kimakanika. Ile V8 ya lita 4.5 iliyokuja 2007 ina nguvu na ni tamu barabarani, ila ikigoma katikati ya Serengeti na wageni sita ndani, dereva na boksi lake la spana hana la kuiambia. 1HZ inakula mafuta, inapiga kelele, mlima wa Ngorongoro inapanda kwa kulalamika, na gari hilo hilo likiwa limechakaa bei yake haishuki, kwa sababu kila gereji kuanzia Unga Limited mpaka Karatu inalijua. Ila njia hiyo ina mwisho, injini za hivyo haziwezi kutengenezwa milele, na mtoto wangu sitaki aje alime na Massey ya babu kwa sababu tu ndiyo pekee inayoruhusiwa kufunguliwa.

Kwa hiyo kwenye maonyesho ya Nanenane pale Themi, Arusha, nilipita kwenye mabanda ya matrekta nikawa nauliza swali moja kila banda: ikitaka laptopu, laptopu hiyo inauzwa wapi na shilingi ngapi? Kijana mmoja alinipa kofia. Mwingine akaanza kunielezea nguvu za farasi. Mmoja tu alisema mashine zake ni za kimakanika tupu na akanifungulia boneti nione, nikachukua namba yake. CAMARTEC, kituo cha serikali, wako hapo hapo Arusha, kazi yao tangu miaka ya themanini ni zana za kilimo, kupima mashine wanapima, natamani kwenye karatasi ya majibu yao kuwe na mstari mmoja wa kusema hii inafunguliwa na nani.

Kwa anayetaka kidude: gari dogo la Toyota chukua bila wasiwasi, ila mwambie mangi akuchomekee kwenye gari lako pale pale usome joto la maji kabla hujatoa hela, akikataa duka la pili halipo mbali. Dizeli ya kisasa kitakusomea tu, kazi yenyewe hakifanyi. Trekta usikibebe hata. Mangi sasa hivi ameleta na ile yenye waya wa pini tisa ya matrekta na malori, anataka laki na ishirini, nimemwambia laki, bado tunavutana. Tumekubaliana na kijana wa Pasua tutoe nusu kwa nusu, haitafungua trekta lakini itasoma, angalau tutajua spea gani ya kuagiza kabla hatujampigia mtu wa nauli.